Mtoto Anafikiri Nini Mbele ya Ubao wa Ludo

Mtoto wa miaka minne akikaa mbele ya ubao wa nyoka na ngazi hachezi mchezo tunaoucheza sisi. Anarusha dadu kwa kuwa kulirusha kunapendeza. Anasukuma kete mpaka kwenye picha anayoipenda, na akiangukia kichwa cha nyoka anateremka naye hadi mkiani akicheka, furaha ileile aliyokuwa nayo alipopanda ngazi. Muulize nani kashinda, atasema yeye. Muulize, na dada yako je? Atasema dada naye kashinda. Kwenye vibaraza vya huku kwetu Tabata nimesikia mara nyingi mtoto wa umri huo akikemewa, "Wewe, acha wizi!" Mimi neno hilo linaniuma, maana mtoto huyo haibi. Hajafika bado mahali ambapo wizi wa mchezoni unawezekana. Ili uibe lazima kwanza ujue kwamba kuna sheria, na kwamba sheria hiyo inambana mwenzako kama inavyokubana wewe.

Jambo hili lilichunguzwa zamani, na lilichunguzwa kwa gololi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alikaa na watoto wa Geneva na Neuchâtel, akajifanya hajui kucheza, akawaomba wamfundishe. Alichokiona alikichapisha mwaka 1932 katika kitabu chake kuhusu mtoto na maadili. Wadogo kabisa waliziviringisha gololi tu kwa raha ya mikono. Waliofuata, wa miaka mitatu hadi sita hivi, waliwaiga wakubwa, lakini kila mmoja alicheza mchezo wake mwenyewe hata akiwa amekaa bega kwa bega na mwenzake, na wote waliweza kushinda kwa pamoja. Kuanzia miaka saba au minane ndipo wakaanza kushindana kwelikweli na kutaka sheria moja kwa wote. Walipokaribia kumi na mbili, sheria zenyewe zikawa utamu: wangeweza kubishana juu ya kipengele kimoja muda mrefu kuliko walivyocheza.

Kilichonivutia zaidi ni swali lake la pili. Aliwauliza: sheria hizi zinaweza kubadilishwa? Wadogo, hao hao waliokuwa wakizivunja kila dakika, walisema haiwezekani, zimetoka kwa wakubwa, zimekuwepo siku zote. Wakubwa waliozishika barabara ndio waliosema zinabadilika, mradi wote tukubaliane. Mzazi aliyewahi kukaa na watoto wa rika mbalimbali atalitambua hilo mara moja. Mwanangu wa mwisho ataapa kwamba kete nyekundu ni lazima ianze, na dakika mbili baadaye ataiacha ianze ya kijani bila kuona tofauti.

Likizo ya Juni mtoto wa dada yangu huja kutoka Mbagala kukaa nasi, na hapo ndipo kazi inapoanza. Yeye ana miaka kumi na miwili, binti yangu tisa, mdogo wao mitano. Ludo ya Mbagala na ludo ya Tabata si ludo moja. Kwao sita tatu mfululizo zinaungua. Kwetu zinahesabiwa zote. Kwao huingii nyumbani kabla hujala kete ya mtu hata moja. Kwetu unaingia tu. Ubao uko mezani, dadu halijarushwa, na tayari kuna kesi. Zamani za malezi yetu mtu mzima angekata shauri kwa neno moja, mcheze au nichukue ubao wangu. Mimi huwa nanyamaza, naendelea na mchicha wangu. Hatimaye wanapatana: sita tatu zinaungua, kula si lazima. Mezani pangu wametunga sheria, na wataishika kwa ukali kuliko yoyote ningewapa mimi. Piaget aliona kwamba ushirikiano wa watoto walio sawa, bila mkubwa anayeamuru, ndiyo njia ya kutoka kwenye utii wa woga kwenda kwenye kuelewa sheria ni kitu gani. Naamini hivyo, na ndiyo maana ugomvi wa sheria naupa muda wake ilimradi hakuna ngumi.

Sasa niende kwenye kuhesabu. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye faida ya haraka kwa mzazi mwenye mtoto wa chekechea.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Robert Siegler na Geetha Ramani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo sana kwa gharama na kubwa kwa maana. Walichukua watoto wa miaka minne na mitano wa familia zenye kipato kidogo, wakawagawa. Kundi moja lilicheza kwenye ubao wenye visanduku kumi vilivyopangwa mstari mmoja, vimeandikwa 1 hadi 10. Kundi jingine lilicheza ubao uleule, ila badala ya namba visanduku vilikuwa na rangi. Walizungusha kishale kinachotoa moja au mbili, wakasogeza kete, na kila kisanduku walichokanyaga walikitaja: wa namba walitaja namba, wa rangi walitaja rangi. Vipindi vinne, dakika kama kumi na tano kila kimoja, ndani ya wiki mbili. Ni hayo tu. Baadaye watoto waliulizwa, kwenye mstari ulioanzia 0 na kuishia 10, namba fulani ikae wapi. Waliocheza kwa namba walikuwa wamepiga hatua kubwa, wakawakaribia watoto wa familia zenye uwezo. Waliocheza kwa rangi walibaki walipokuwa. Katika utafiti mwenzake wa mwaka huohuo, wiki tisa baada ya mchezo faida bado ilikuwepo.

Kwa nini mstari? Kwa sababu kwenye ubao ule kila namba inayokua inaonekana, inasikika na inaguswa. Nane iko mbali kuliko tatu kwa macho. Ili uifikie unataja majina mengi zaidi, mkono unasogea mara nyingi zaidi na unatumia muda mrefu zaidi. Mtoto anayeimba moja hadi kumi bila kukosea anaweza kuwa hajui kama nane ni nyingi kuliko tano. Wimbo anao, ila ukubwa wa namba bado. Watafiti hao walijaribu pia ubao wa mviringo mwaka uliofuata, na haukufanya kazi vizuri kama ulionyooka.

Kisha likaja jambo la tatu, ambalo naona wazazi wote wa Dar wangeambiwa kliniki pamoja na ratiba ya chanjo. Elida Laski na Siegler, mwaka 2014, walitumia ubao wa namba hadi 100, wa safu kumi kwa kumi kama nyoka na ngazi yetu. Kete iko kwenye 15, umepata tatu. Watoto wengine walisogeza wakisema "moja, mbili, tatu". Wengine walisema "kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane". Ubao uleule, hatua zilezile. Walioendeleza hesabu kutoka pale walipo ndio waliojifunza namba. Wale wa moja mbili tatu walipata kidogo. Fikiria sasa namna watoto wetu wote wanavyocheza. Wote huanza moja. Hakuna aliyewaambia vingine, na sisi wenyewe tulicheza hivyo.

Ubao tunaouziwa Kariakoo, wenye ludo upande mmoja na nyoka na ngazi upande wa pili, una namba zinazopanda kwa kupinda: safu ya chini inakwenda kulia, ya pili inarudi kushoto. Kwa mtoto wa miaka mitano hilo ni tatizo. Akifika 10 huona 11 ipo juu ya kichwa chake na hajui aelekee wapi. Kwa hiyo wa kwangu hakuanzia hapo. Alianza na mstari wa chaki uani, visanduku kumi, na kizibo cha soda. Dadu tuliliacha, tukarusha sarafu: kichwa hatua moja, upande wa pili hatua mbili. Sharti lilikuwa moja tu, kila kisanduku kitajwe jina lake. Mwanzoni alirukia jina la mbele. Ilipofika zamu ambayo alikuwa kwenye saba, sarafu ikatoa mbili, naye akasema "nane, tisa" bila kurudi nyuma, nilimpigia makofi peke yangu uani kama mtu aliyeona bao la Taifa Stars.

Naomba lakini tusichukue habari hii tukaigeuza dawa ya kila ugonjwa. Kuna wanaouza michezo ya ubao kwa kuahidi kwamba itamwongezea mtoto akili kwa jumla. Mwaka 2016 Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya tafiti nyingi za watoto waliofundishwa sataranji, kuona kama inawasaidia kwenye hesabu na masomo mengine. Faida ilionekana ya wastani, na tafiti nyingi hazikuwa zimelinganisha sataranji na shughuli nyingine ya kuvutia, kiasi kwamba huwezi kujua kama kilichosaidia ni mchezo au ni msisimko wa kupata jambo jipya. Ubao wa Siegler ulifundisha namba kwa kuwa namba zilikuwa juu yake na mtoto alizitaja. Mchezo unafundisha kilichomo ndani yake.

Katika ludo kuna kuchagua. Una kete nne, dadu limetoa tatu: utasogeza ipi? Mtoto wa miaka mitano ana kete moja moyoni, ile iliyotangulia, na ndiyo atakayoisukuma hata kama nyingine iko hatua tatu kutoka kumla adui. Piaget alieleza tabia hii ya mtoto mdogo kushika upande mmoja wa jambo na kuuacha mwingine. Binti yangu wa miaka tisa anaziona zote nne, na anazilinganisha. Unaweza kumwona: jicho linazunguka ubao mzima kabla mkono haujashuka.

Mkono kutoshuka ndiyo habari ya mwanasaikolojia Lev Vygotsky. Yeye na Piaget walizaliwa mwaka mmoja, 1896, mmoja Uswisi, mwingine katika Urusi ya wakati ule. Lakini Vygotsky alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1934, hajatimiza miaka thelathini na minane. Mwaka 1933 alitoa mhadhara kuhusu mchezo wa mtoto ambao mimi naurudia kila nikipata nafasi. Alisema kwamba mchezoni mtoto anaenda kinyume na tamaa yake ya papo hapo kwa sababu sheria inamtaka hivyo, na kwamba kuishika sheria kunampa raha kubwa kuliko kuifuata tamaa. Ndiyo maana akasema mchezoni mtoto huwa kama amejizidi kimo kwa kichwa kizima. Mtoto huyohuyo asiyeweza kungoja chai ipoe, kwenye ludo anangoja zamu za watu watatu zipite, na kete yake iliyoliwa anairudisha mwenyewe mwanzo kwa mkono wake. Midomo inatetemeka, ila anairudisha. Shuleni tunamwomba nidhamu ya namna hiyo kwa fimbo na haji nayo.

Vygotsky ndiye pia aliyetuachia wazo la eneo lililo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akiwa na mtu anayejua zaidi. Kwenye drafti eneo hilo naliona wazi. Mtoto wa dada yangu anapomfundisha binti yangu hamwambii acheze wapi. Anauliza, "Ukienda hapo, mimi nitakula nini?" Kisha anasubiri. Sijui alijifunza wapi ualimu huo. Nadhani kwenye kijiwe cha baba yake, ambako vizibo vya soda vimelazwa chali kwa mmoja na kifudifudi kwa mwingine, kumi na mbili kila upande, na wazee hawana subira na mtu anayecheza kabla ya kuangalia.

Swali hilo la "mimi nitakula nini" linadai kitu ambacho wadogo hawana: kukaa ndani ya kichwa cha mwenzako. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner huko Austria waliwasimulia watoto hadithi ya kijana aliyeweka chokoleti kabatini, akatoka, mama akaihamisha. Akirudi ataitafuta wapi? Wa miaka mitatu kwa kawaida hujibu pale ilipo sasa. Wanajua wao, basi na yeye anajua. Kuanzia minne, mitano hivi, wanaanza kuelewa kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Drafti yote imejengwa juu ya hilo, maana mtego ni kumfanya mwenzako aamini anakula bure. Wa kwangu wa mwisho anaweza tayari kutega. Tatizo lake ni kwamba akishatega anatangaza: "Kaka, kula hapa halafu mimi nitakula mbili!" Anajua mtego ni nini ila hawezi bado kuubeba kimya. Naona raha isiyo na kifani kumtazama mtoto katika miezi hiyo, akili ikiwa imefika nusu ya mlango.

Nimeacha bao kwa makusudi, kwa kuwa ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mawili, safu nne za mashimo manane, na kete 64, kwa kawaida komwe. Likianza, kila mchezaji hupanga sita kwenye nyumba yake, yaani shimo lake maalumu, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Tofauti na michezo mingi ya jamii yake, kete iliyoliwa haitoki. Inasambazwa upande wa aliyekula, na inaweza kurudi. Mwisho wa namua zote 64 zimo ubaoni, na zitabaki 64 mpaka mtu aishiwe, ziwe zimerundikana shimo moja au zimetawanyika kote.

Linganisha hilo na jaribio maarufu la Piaget. Panga safu mbili za vizibo sita sita, mtoto akubali ni sawa. Kisha tanua safu moja mbele ya macho yake. Wa miaka minne au mitano atasema iliyotanuka ni nyingi. Wa saba atakucheka. Mtoto anayekua pembeni ya bao anaishi ndani ya jaribio hilo kila jioni: rundo linakuwa mstari, mstari unakuwa rundo, na hakuna kinachozidi wala kupungua. Sidai kwamba bao linamfikisha mapema. Ninachosema ni kwamba maswali ya maabara yako hapa barazani, kwenye mbao za mninga zinazochongwa Mwenge na kwenye mashimo wanayochimba watoto mchangani wakatumia kokoto.

Na barazani mtoto anapata heshima ambayo maabara ilimnyima. Jaribio la safu mbili lilikosolewa kwa hoja nzuri. James McGarrigle na Margaret Donaldson, mwaka 1974, walilirudia kwa kumtumia dubu mtundu wa kuchezea aliyekuja "kuharibu" safu, badala ya mtu mzima kuitanua. Watoto wengi wa miaka minne hadi sita walijibu sawasawa. Mtu mzima akipanga, akatanua, akauliza tena swali lilelile, mtoto hudhani anatakiwa abadili jibu. Mkubwa hawezi kuuliza mara mbili bila sababu. Kwa watoto wetu, waliofundishwa kutombishia mkubwa, nadhani uzito huo ni mara mbili. Hivyo nikiona tathmini ya mtoto wa darasa la awali iliyofanywa na mgeni mwenye kalamu, natamani huyo mgeni akae naye kwanza mbele ya vizibo, wacheze, aliwe kidogo.

Kuna jambo la bao linalonisumbua. Vijiwe vingi vya jiji hili, Magomeni, Buguruni, Temeke, ni vya wanaume, na mtoto anayeruhusiwa kusimama nyuma ya mzee akitazama saa nzima ni wa kiume. Kutazama huko ndiko shule yenyewe. Barbara Rogoff, aliyeandika mengi kuhusu watoto wanaojifunza kwa kushiriki shughuli za wakubwa, angekitambua kijiwe mara moja: hakuna somo, kuna kazi ya kweli, na mtoto yuko karibu. Binti yangu wa miaka tisa amejaa kwenye mdako na ana mikono mepesi kuliko kaka yake, lakini mtu wa kumwonyesha mbinu za bao ni mimi tu, na mimi mwenyewe nilifundishwa na babu kwa kuwa hakukuwa na mjukuu wa kiume karibu. Wasichana wangapi wamepitwa hivyo?

Siku hizi ludo iko kwenye simu, na watoto wanaijua kuliko ile ya karatasi. Naelewa inavyosaidia kwenye foleni ya Mandela. Lakini itazame kwa macho ya yote niliyoyataja. Simu inarusha dadu. Simu inahesabu hatua na kuisogeza kete, mtoto anagusa tu, kwa hiyo haitaji namba yoyote. Simu inakataa hatua isiyoruhusiwa, hivyo hakuna anayeonywa, anayebisha, wala anayejizuia. Sheria zimekuja zimeshatungwa na mtu asiyeonekana, kama zile zilizotoka kwa wakubwa tangu zamani, na hakuna wa kukubaliana naye kuzibadili. Kilichobaki ni rangi na muziki.

Wazazi wenzangu huniuliza kama wamwachie mtoto ashinde. Mimi simwachii, kwa sababu kuanzia miaka sita, saba anajua, na akijua anaacha kukuamini ubaoni. Tunachofanya kwenye drafti ni kupunguza vizibo vyangu mapema, wazi, kwa makubaliano. Na binti yangu nilianza na vinane dhidi ya kumi na mbili vyake, kisha tisa, na kila akishinda mfululizo tunakaa tena kujadili. Sasa nina kumi na kimoja. Wiki iliyopita alileta hoja kwamba anirudishie kile cha mwisho, kwa sharti kwamba yeye awe anaanza siku zote. Bado tunajadiliana.